Chaza wa Tabaka la Joto

Maabara nzima ilimwita Bi Rula. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kupima makombe ya chaza wa kale yaliyogeuka mawe.

Siku ya kikao alisimama akasema alichokiona. Makombe ya tabaka la chini la mwamba yalikuwa mapana kama kiganja. Ya juu yake, ya wakati bahari ilipopata joto, hayakuzidi ukucha wa kidole gumba.

"Walipungua mwili," alisema. "Maji yakipata joto, hewa hupungua ndani yake, na mwili mkubwa unahitaji hewa nyingi."

Mkuu wa maabara hakuinua hata macho. "Hao ni watoto, Bi Rula. Walikufa kabla hawajakua. Tuendelee."

Watu wakacheka. Akaketi, masikio yakimwaka moto.

Kesho yake asubuhi alivuta droo ya kwanza, akachukua kombe dogo, akalipasua kwa msumeno mwembamba. Chaza hujiwekea mstari kwenye kombe kila mwaka. Ukisugua mkato vizuri, darubini inakuonyesha umri wake. Eti watoto! Haya, na tuone.

Alipasua mia nne. Vumbi lilimkaba koo, macho yakawa mekundu. Jumamosi moja mchana wifi yake, aliyekaa naye nyumba moja, alimfuata na chakula.

"Wifi, hawa wamekufa zamani, hawatakimbia. Kula."

"Nimalizie huyu mmoja tu."

"Hata jana ulisema mmoja." Wifi akainamia darubini, akaanza kuhesabu kwa sauti. "Kumi na saba! Na udogo wote huu? Huyu si mtoto, huyu mtu mzima kabisa!"

Bi Rula alicheka mpaka akakohoa.

Wiki ya sita alimwekea mkuu trei ya makombe yaliyopasuliwa mezani. Mkuu alihesabu mistari ya kombe la kwanza, la pili, la kumi. Akavua miwani.

"Walishakomaa," alisema taratibu. "Nimekosea. Tena nilikuvunjia heshima mbele za watu."

"Basi liseme hilo mbele za watu."

Alilisema Jumatatu kikaoni, amesimama. Bi Rula alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba misumeno mipya. Droo thelathini za tabaka la juu zaidi, la wakati bahari ilipopoa, zilikuwa hazijaguswa, naye alitaka kujua chaza walichukua muda gani kurudisha ukubwa wa miili yao.