Kura ya Mbolea

Daktari Otai hakuwa daktari wa sindano, na mama yake, Amulen, alikwishachoka kuwaeleza hivyo watu waliomletea watoto wenye homa. Alikuwa daktari wa hesabu. Alizisomea ng'ambo mpaka zikaisha, ndivyo Amulen alivyosema, akarudi kufundisha chuoni. Uhuru ulipokuja, wakubwa wakamtoa ubaoni wakamkalisha kwenye kiti cha mkurugenzi wa utafiti, Tororo. Kiti chenyewe hakukitaka. Alikubali kwa sababu aliambiwa kwamba bila mtu wa hesabu, mambo ya wakulima yangeamuliwa kwa kubahatisha.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa mbolea ya mawe ya vilima vya Osukuru, kwao hasa. Je, inaongeza mahindi au haiongezi? Ikionekana inaongeza, bodi ya kilimo ingewauzia wakulima wote kwa bei nafuu. Isipoonekana, mpango ufe na ofisi ya Otai ifungwe. Akaamua nusu ya mashamba ya kijiji hicho yatiwe mbolea, nusu yasitiwe, na kura ndiyo igawe.

Kura ikamnyima mama yake.

Watu wakacheka kidogo, wakasubiri abadilishe. Mcheza kwao hutunzwa, bwana. Mwana awe mkurugenzi, mama akose? Otai hakubadilisha.

"Mama, nikikupa wewe, hesabu yote inakuwa uongo," alisema.

Amulen akajibu, "Sawa, bwana mkubwa." Hakuwahi kumwita hivyo, na neno hilo lilimuuma Otai kuliko tusi.

Siku ya mavuno wapimaji wakapima. Mahindi ya Amulen yalikuwa manene kama ya jirani zake. Otai alifurahi kama mwana yeyote, kisha akazilinganisha tarakimu: mashamba yote, yaliyotiwa na yasiyotiwa, yalikuwa yametoa sawasawa. Kwa vipimo hivyo, mbolea ilikuwa vumbi tu. Lakini yeye alizaliwa hapo, na mahindi manene namna ile hakuwahi kuyaona. Akamwendea jirani, Alungat, mjane mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akamwuliza.

Alungat hakuficha kitu. Alijibu kwa Kiswahili cha soko la mpakani ili wapimaji waliotoka Busia nao wasikie. "Sisi nakula, mama yako naangalia? Hapana. Tulibeba mbolea kidogo kidogo na beseni, tukamwagia yeye. Halafu wale wengine walikosa pia. Hata dada yake, Atim, alitoka kijiji ya Sikuda kusaidia."

Kikulacho ki nguoni mwako. Otai angeweza kuzirekebisha tarakimu. Alijua zingekuwaje, na nani angemgundua? Alikasirika siku nzima, kisha hasira yenyewe ikamtia aibu. Wanawake wale walikuwa wamemtendea mama yake jambo ambalo yeye, mwanawe wa kumzaa, alilikataa.

Akaiambia bodi ukweli. Mwenyekiti akauliza kama kweli jaribio la serikali limeharibiwa na mabeseni ya akina mama.

"Niliharibu mimi," Otai akasema. "Nilihesabu mashamba kana kwamba kila mtu analima peke yake duniani."

Wakampa msimu mmoja zaidi, wa mwisho.

Safari hii kura ilikuwa ya vijiji vizima. Kijiji chote kitiwe au chote kisitiwe, na kila kijiji kijichagulie mtu wa kuchota karatasi kapuni: yenye doa la wino ni mbolea, nyeupe ni bila. Osukuru wakamtuma Amulen, wakiamini mkono wake hauwezi kukosa mara mbili.

Sikuda wakatoa doa la wino. Amulen akatia mkono, akafungua ya kwake, akaigeuza huku na huku. Nyeupe.

Otai hakuthubutu kumtazama mama yake. Alungat alikuwa ameshaanza kuwaangalia wanawake wa Sikuda kwa jicho la mipango, na Otai aliliona jicho hilo, akayakumbuka mabeseni.

Amulen naye aliliona. Aliikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la nguo yake, akamgeukia mwanawe.

"Mwambie Atim asinitembelee mpaka tuvune."

"Nitamwambia, mama."

"Na wewe ukija," akasema, "njoo mikono mitupu."