Upande wa Dirishani

...na angejua kuwa kikao chenyewe ni cha kuambiwa tu watoto wanasoma nini muhula huu, wallahi asingefunga saluni, maana kule ameacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu kimesimama wima kama kimepigwa shoti, na mteja mwenyewe kamwambia sawa, Mama Hereni, nenda, lakini usinikalishe, na sasa aliyekalishwa ni yeye, kwenye kiti cha mtoto, magoti yanakaribia kidevu, nyuma kabisa ya darasa la saba, yeye upande wa dirishani na binti yake kulia kwake, wameshonana bega kwa bega kama abiria. Mwalimu wa hesabu alikwisha kusema ya kwake, uwiano na asilimia, wa historia naye kasema ya kwake, marefu, na sasa alikuwa amesimama wa sayansi, kijana mwembamba mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, anasema sisi, wazazi wangu, muhula huu tunasoma sauti, sauti ni nini, sauti ni mtetemo, akabana rula ukingoni mwa meza akaifyatua, vrrrm, wazazi wakacheka, naye Mama Hereni akacheka kidogo kwa adabu huku akimnong'oneza binti yake, nyoosha kola, imekunjika... na binti hakunyoosha, akaendelea kumkodolea mwalimu macho, mdomoni hasa, kama anayehesabu meno yake, ona sasa, hata mbele za watu, nyoosha kola nimesema, wapi, na ndiyo maana anaitwa Hereni, si jina lake, jina lake zuri tu alipewa na baba yake, ila siku moja saluni ikiwa imejaa alimwambia nipe kitana, nipe kitana, nipe kitana, mtoto anakunja mataulo tu, hana habari, ndipo mama mtu akawageukia wateja akasema jamani mwenzenu nilizaa mtoto ana masikio ya kuvalia hereni tu, si ya kusikilizia, na wateja walicheka mpaka mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia akatoa kichwa nje aulize kuna nini, na jina likaganda hapo hapo, Hereni njoo, Hereni umekula, mpaka yeye mwenyewe wakaanza kumwita Mama Hereni, akaitika, na mtoto siku ile alicheka pamoja nao, alichelewa kidogo kucheka, akatazama kwanza nyuso za watu, halafu ndipo akacheka...

Kopo hili, alisema mwalimu, wazazi wangu, ndilo sikio. Alikuwa amelivalisha kopo la maziwa mpira wa puto, akamwagia chumvi juu, akafyatua rula karibu yake na punje zikaruka, zikacheza, mnaona, hakuna aliyezigusa, sauti tu, na ndani ya sikio mnayo ngozi kama hii, nyembamba kuliko hata karatasi, inaitwa ngoma ya sikio. Baba mmoja wa mbele akauliza, na hiyo ngoma ikitoboka je? Ikitoboka, mzee, alisema mwalimu, na badala ya kumaliza akachukua kalamu akautoboa mpira, pu, chumvi ikamwagikia ndani ya kopo, akafyatua rula, vrrrm, akafyatua tena, na juu ya mpira uliolegea hakikuruka kitu. Wazazi wakasema aaa. Mama Hereni hakusema aaa, alikuwa ameona foronya, sijui kwa nini foronya, ile ya maua, doa la manjano pembeni ya ua, na harufu, na mtoto amekaa kitandani ameshika sikio anasema mama linavuja, mwaka jana hiyo, likizo ile... lakini lilipona, alimpeleka zahanati, si kwamba hakumpeleka, walipewa dawa, alikuwa akimtilia pamba mwenyewe kila asubuhi, likakauka kabisa, na nesi alisema dawa ikiisha umrudishe tumwangalie, hata kama haumwi umrudishe, umesikia mama, na yeye alisema nimesikia. Ilikuwa miezi ya harusi. Bibi harusi mmoja anakuja na wasindikizaji sita, wote wasukwe, wote wapambwe, mtu unakula umesimama, na sikio limekauka, halinuki, halivuji, nani tena atapanga foleni zahanati na mtoto anayeruka kamba... lilipona, alijiambia, lilipona lile, akajinyoosha kwenye kiti, na kiti kikalia kwa sauti, wazazi wawili wakageuka kumtazama, binti yake hakugeuka.

Sasa tucheze, alisema mwalimu. Watoto fumbeni macho, mimi nitatembea na kugonga, nanyi mnionyeshe kwa kidole nilipo, muhula huu wote wamecheza hivi, wazazi wangu, wamekuwa hodari kama popo, na watoto wakafumba macho kwa mbwembwe. Mwalimu akanyata kwenda mlangoni, akagonga kwa kalamu, ko ko, vidole vyote vikaelekea mlangoni, cha Hereni nacho, na mama yake akashusha pumzi, kumbe alikuwa ameizuia, akaona amekuwa mjinga, rula na kopo zimemtia kichaa. Mwalimu akanyata nyuma ya madawati mpaka dirishani, mguu wake ukagusa mkoba wa Mama Hereni, akaomba radhi kwa mkono, akagonga kioo, ko ko, na vidole vyote vya darasa la saba vikageuka kwa mwalimu kama maua kwenye jua, isipokuwa kimoja, kimoja kilikwenda mlangoni, kikatulia huko, kimenyooka, kina uhakika. Kisha mama yake akaona jambo ambalo mwalimu hakuliona, kope za mtoto zilifunguka chembe tu, jicho likatoka pembeni, likatazama kidole cha mwenzake wa mbele, na kidole cha Hereni kikahama taratibu, kama kinajikuna njiani, kikaja dirishani. Vizuri sana, alisema mwalimu, wote mmepata, na mtoto akatabasamu.

Huyu haibi mtihani kwa mara ya kwanza, ule wepesi wa lile jicho ni wa mazoezi, ndivyo anavyoishi, ndivyo anavyocheka nyuma ya wenzake, anatazama mdomo, anatazama uso, anatazama kidole, na simu, baba yake akipiga kutoka kazini mbali, mtoto akiwa ameshika kitu mkono wa kulia anakiweka chini kwanza ndipo apokee, hata kama wa kushoto uko mtupu, na kulala, akilalia upande wa kulia huwezi kumwamsha hata upige sufuria, akilalia wa kushoto ukifungua tu mlango ameshaamka, na yeye mama anasema mtoto huyu usingizi wake una siku zake... ameyaona yote haya, yote, kwa macho haya haya, kichwa kile amekisuka kila Jumapili, vidole vyake vimepita nyuma ya sikio lile mara ngapi, anajua kovu dogo lililo pale, anajua nywele laini zinazoota pale zisizokubali kusukwa. Na mama mkwe alipiga simu, alisema kwa upole kabisa, mwanangu, huyu mtoto nikimwita niko jikoni anakimbilia uani, mpeleke akaangaliwe, na yeye alijibu mama, huyo hana ugonjwa, ana kiburi, na alipokata simu aliwaambia wateja mama mkwe wangu siku hizi ameanza udaktari, wakacheka, daima wapo wa kucheka pale, na alichokuwa anakataa si ugonjwa wa mtoto, alikuwa anakataa kuambiwa na mama mkwe kwamba kuna kitu juu ya mwanawe asichokijua... na pikipiki. Hapana, si pikipiki, asiifikirie pikipiki hapa mbele za watu. Lakini ilikuja, ikitokea kushoto, honi inalia mtaa mzima, muuza magazeti amepiga kelele, na mtoto anavuka barabara kama yuko peke yake duniani, dereva akaikwepesha, akaanguka upande, akatukana, na yeye akamvuta mtoto kando akamtandika kofi, honi yote ile hukusikia? na mtoto ameshika shavu akasema sikusikia, mama. Kwa Kiswahili. Kwa sauti ya kawaida. Na yeye akasema husikii kwa sababu hutaki kusikia, umetia pamba masikioni wewe... pamba. Alisema pamba.

Mwalimu alikuwa amerudi mbele, anafuta ubao, anasema baada ya sauti tutaingia kwenye mwanga, wazazi wangu, mkiwa na vioo vibovu nyumbani tunaomba, na Mama Hereni akainama kidogo, mpaka pua yake ikakaribia lile sikio la upande wake, akasikia harufu ya mafuta ya nywele aliyompaka asubuhi, na akasema kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, mwanangu, nisamehe. Hakuna kilichotikisika. Ukope haukucheza. Mtoto alikuwa anamtazama mwalimu, midomo yake midogo ikifuata midomo ya mwalimu, mwanga, vioo, bila sauti, na mama yake akarudi nyuma kwenye kiti na haya ikampanda, maana alijua, kabla hata ya kufungua mdomo alikuwa anajua ni sikio lipi anasemea, amechagua mlango uliofungwa akabisha ili aseme alibisha, na msamaha wa namna hiyo hata mwizi anauweza. Kwenda upande wa pili ilibidi asimame, apite mbele ya magoti ya watu. Hakusimama. Alimgusa bega.

Mtoto aligeuka mzima mzima, uso wote, na uso wenyewe tayari ulikuwa umeshajipanga, nyusi zimekutana, shingo imeingia ndani kidogo, ule uso wa kusubiri, akanong'ona, nimefanya nini?

Hujafanya kitu, alisema mama yake, taratibu, akimtazama, akijaribu kuzuia midomo isitetemeke ili maneno yasomeke, hujafanya kitu wewe, na mtoto akasoma, akakunja uso, hakuamini, wala hakurudisha macho kwa mwalimu, aliyaacha pale pale kwenye mdomo wa mama yake, yanangoja, maana aliona lipo jingine, na mwalimu mbele alikuwa bado anafuta ubao, na lile jingine ilibidi lisemwe.