Siku Tatu za Edson La Paz

Kila mgeni anayeniandikia kutaka nimpangie ziara ya La Paz hupokea karatasi ile ile, na mstari wake wa kwanza unasema: siku ya kwanza, usifanye lolote. Wengi huudhika. Wamebeba mabegi mgongoni kupitia nchi tatu au nne, wamelala kwenye mabasi, nao hawakuja huku, huniambia, ili kukodolea dari macho. Siwabishii. Mji uko mita elfu tatu na mia sita juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida hewa yenyewe huwa imewajibu kwa niaba yangu kabla ya saa nane mchana.

Nilifundisha jiografia kwa miaka thelathini na moja. Niliwaambia wanafunzi kwamba mji mkuu wa Bolivia kwa mujibu wa katiba ni Sucre, huku serikali nzima ikipiga honi nje ya dirisha letu. Nilipostaafu, Doña Betzabé Urquizo, mwenye nyumba ya wageni iliyo nyuma ya kanisa la Mtakatifu Fransisko, alinipa meza, kompyuta na kazi ya kujibu barua za wasafiri kabla hawajafika. Najua mabasi, mvua, migomo na barabara zitakazofungwa. Mengine siyajui wala sijifanyi kuyajua.

Mwezi wa Novemba, kati ya barua ya Waholanzi wawili na ya mpanda milima aliyeuliza kama kamba hukodishwa, nilikuta barua ya mwanangu.

Edson aliondoka mwezi Machi, karibu miaka kumi na miwili kabla ya barua hiyo, wiki mbili kabla Wahispania hawajaanza kudai viza. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Tangu hapo alikuwa Bilbao, huko Hispania, akitunza wazee wa watu wengine, kwanza bila karatasi za ukaazi, kisha akiwa nazo. Sasa aliandika kwamba yeye na mchumba wake Maite wangezunguka Amerika ya Kusini kwa wiki tano, mabegi mgongoni, na kwamba wangekuwa La Paz siku tatu mwishoni mwa Februari. Nilimjibu kwamba Februari ni mwezi wa mvua. Akasema ndiyo sababu: Maite alitaka kupiga picha uwanda wa chumvi ukiwa na maji, pale ambapo mbingu huonekana chini ya miguu.

"Tupangie kama unavyowapangia wengine, baba," aliandika. "Tuwekee chumba hapo hapo kwa Doña Betzabé, msihangaike. Nyumbani tutapita mchana mmoja, Maite aonje chairo ya mama."

Nilimsomea mke wangu Nicolasa jikoni, akiwa anamenya viazi vikavu kwa ajili ya supu hiyo hiyo.

"Mchana mmoja?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Na chumba cha juu nimemjengea nani? Njiwa?"

Edson alipoondoka nyumba yetu ilikuwa ya udongo, ya chini, kwenye mteremko uliokuwa bado na nafasi baina ya mlango na mlango. Chumba cha juu tulikijenga baadaye, cha matofali, dirisha likitazama mlima Illimani. Kilikuwa na kitanda ambacho godoro lake halijawahi kuvuliwa plastiki.

"Andika usiku mmoja," Nicolasa alisema. "Wewe si ndiye mpangaji? Wazungu unawapangia hadi saa ya kukojoa."

"Huyu si Mzungu."

"Basi mpangie kama mtu. Usiku mmoja, mzee. Alale kwangu usiku mmoja, halafu aende akapige picha za chumvi yake."

Hakuomba kingine, wala hakuwa ameomba kingine kwa miaka yote hiyo. Niliandika: siku ya pili, chakula cha jioni na malazi kwa wazazi. Edson akajibu siku iliyofuata: "Sawa. Mwambie mama asichinje mnyama."

Mwezi wa Desemba ufa ulitokea katika chumba cha juu, kutoka pembe ya dirisha hadi sakafuni, mwembamba kiasi cha kuingiza kisu cha siagi. Mteremko wetu hautulii. Kila mwaka wa mvua nyingi kipande chake huteremka kwenda bondeni na watu huandikwa magazetini. Mhandisi wa manispaa, kijana mwenye adabu na buti zilizoloa, alibandika kipande cha plasta juu ya ufa na kuandika tarehe kwa kalamu ya risasi. Alisema kazi ya plasta hiyo ni kutoa ushahidi: ukuta ukisogea, itavunjika.

"Ikivunjika mnatoka siku hiyo hiyo, mama. Si kesho yake."

"Na isipovunjika?"

"Basi mnabaki."

"Basi haitavunjika," Nicolasa alisema, akampa chai.

Tarehe ishirini na nne Januari mji wote hununua vitu vidogo. Asubuhi ile viwanja hujaa vibanda vya nyumba za kiganja, magari ya kidole, vyeti vya chuo visivyozidi stempu, na saa sita kamili mchana kila mtu huwa ameshika kile anachokitamani ili kifukiziwe moshi na kunyunyiziwa maji ya baraka kabla saa haijapita, kwa imani kwamba mwaka huo atakipata cha kweli. Mimi siendi. Nimesoma vya kutosha juu ya asili ya desturi hiyo kujua kwamba hakuna anayeijua.

Nicolasa alirudi na sanduku la safari la ukubwa wa kiberiti, lenye vishikio na tiketi ya ndege iliyokunjwa ndani. Nililitambua. Mwaka aliosafiri Edson, Nicolasa alimnunulia lingine kama hilo pamoja na pasipoti ndogo, na miezi miwili baadaye kijana akaondoka. Kwa miaka hiyo yote mama yake alijilaumu kwa siri ambayo haikuwa siri.

"Hili ni la kurudi," alisema.

"Limeandikwa wapi kwamba ni la kurudi?"

"Nimemwambia muuzaji."

"Naye akasemaje?"

"Akasema nisogee, nimpishe mwenye gari."

Majirani zetu wote mwaka ule walikuwa wamenunua nyumba ndogo za plasta. Nilimuuliza kwa nini naye hakununua. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza swali ili tu aonekane ameuliza.

"Nyumba ninayo," alisema, akaenda kuliweka sanduku dirishani kwenye chumba cha juu.

Februari ilinyesha kama ilivyotakiwa na wapiga picha. Kutoka Uyuni, kwenye uwanda wa chumvi, waongozaji walinitumia habari njema: uwanda umefunikwa maji sentimita kumi, anga yote iko chini. Niliwapelekea wageni wangu habari hizo. Kila asubuhi kabla ya kazi nilipanda chumba cha juu kutazama plasta, na kila asubuhi Nicolasa aliuliza kutoka chini, "Vipi?" nami nikajibu, "Ipo." Mtu anaweza kuzoea mazungumzo ya namna hiyo hadi akayaona kuwa ndiyo ndoa.

Siku mbili kabla ya Edson kufika, plasta ilikuwa vipande viwili. Kati ya kimoja na kingine ningeweza kupitisha mkono.

Mhandisi alikuja kabla ya adhuhuri, akapaka msalaba mwekundu ukutani, akaomba radhi. Majirani walisaidia kung'oa mabati ya paa, maana bati ni mali na ukuta si mali tena. Tulishuka na masanduku mawili, mtungi wa gesi na godoro ambalo bado lilikuwa katika plastiki yake. Doña Betzabé alitupa chumba namba saba, tukae mpaka tupate pengine.

"Miaka sita unanilalamikia magodoro yangu, Don Hilarión," alisema akifungua mlango. "Sasa utalalamika ukiwa na ushahidi."

Nicolasa hakucheka. Alikaa kitandani, akatoa lile sanduku dogo mfukoni mwa aproni, akalitazama juu na chini.

"Edson asijue," alisema.

"Atauliza. Mpango unasema analala kwetu."

"Mwambie tunapaka rangi. Sote tumehamia hapa kukimbia harufu."

"Nicolasa, nyumba haina paa."

"Nimesema rangi. Kijana anapita mara moja kwa miaka kumi na miwili, nimpokee na matope? Aende akalie kwenye chumvi?"

Katika karatasi zangu sijawahi kuandika kwamba barabara iliyofungwa iko wazi. Nilimwambia hivyo. Akaniambia kwamba hii si karatasi. Tulikubaliana kwamba yeye angesema na mimi nisingepinga, mapatano ambayo wanasheria wangeyapa jina lisilopendeza.

Edson alishuka kwenye basi lililotoka Puno, Peru, siku ya Jumanne, mnene kuliko nilivyotarajia, begi likimzidi kichwa. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Maite, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, hakuwa na shida yoyote. Alipanda ngazi mbili mbili. Aliyeanguka ni mwanangu. Kufikia saa nane alikuwa kitandani katika chumba namba sita, midomo ya bluu, akitapika kwenye beseni la Doña Betzabé, yeye aliyezaliwa mita mia tatu juu ya hapo.

"Mwili umesahau," alisema, kwa aibu.

"Mwili haujasahau, umekasirika," mama yake akamjibu. "Kunywa."

Alimnywesha chai ya majani ya koka, dawa yetu ya ugonjwa wa mwinuko, kijiko kwa kijiko mchana wote. Alimvua soksi. Alimwambia kuhusu rangi, kuhusu mafundi walivyo wavivu, kuhusu harufu inayoumiza kichwa, na yeye alikubali kila kitu, macho ameyafumba. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo, pamoja na mvua. Siku hizo mbili Nicolasa alilala chini ya paa moja na mwanawe, kama alivyotaka, isipokuwa kwamba paa lilikuwa la Doña Betzabé.

Siku ya tatu Edson aliweza kusimama. Basi la Uyuni lingeondoka jioni. Alitaka kwenda nyumbani, hata kwa nusu saa, hata kama rangi ni mbichi.

"Barabara imefungwa," Nicolasa alisema, na hilo lilikuwa kweli.

"Basi tuione kutoka juu. Si mna gari la kebo siku hizi?"

Mstari huo umo katika karatasi yangu, chini ya siku ya tatu. Edson hakuwahi kulipanda gari hilo; lilijengwa baada ya yeye kuondoka. Tulikaa wanne katika kibanda kimoja, tukainuka taratibu juu ya mteremko ambao sasa ulikuwa umejaa nyumba, tofali juu ya tofali, na Edson alibandika paji la uso kwenye kioo kama mgeni yeyote.

"Sitambui kitu," alisema. "Nyumbani ni ipi, mama?"

Nyumba yetu ilikuwa karibu moja kwa moja chini ya miguu yetu. Kuta nne, ufa, msalaba mwekundu, na katika chumba cha juu dimbwi la maji lililokuwa likionyesha anga.

Nicolasa alinyoosha kidole mbali, kwenye mwamba, upande ambao mteremko haujawahi kusogea. Alikuwa anaonyesha nyumba ya Doña Primitiva Laura, muuza unga.

"Ile ya kijani."

"Yenye mapazia meupe? Ghorofa mbili! Baba, hukuniambia kama ni nzuri hivi."

"Wameipiga rangi mikono miwili," mama yake alisema.

Maite alipiga picha. Kisha alitazama chini na kuuliza kuhusu zile nyumba zisizo na paa.

"Watu wamehama," nilisema.

Mwezi wa Aprili picha ile ya Maite ilifika kwa posta, ikiwa imekuzwa, na Nicolasa ameitundika katika chumba namba saba, juu ya kitanda, sanduku dogo likining'inia kwenye msumari huo huo. Doña Primitiva alipokuja kututembelea aliitazama kwa muda, akasema nyumba yake imependeza. Nicolasa akamwambia picha huzidisha.

Pamoja na picha kulikuwa na barua. Edson anataka kurudi mwaka ujao, wakati wa kiangazi, peke yake. Safari hii hataki chumba kwa Doña Betzabé. Anataka nimpangie wiki nzima, alale siku zote saba katika kile chumba cha juu chenye mapazia meupe, na anauliza kama asubuhi Illimani huonekana kutoka kitandani.

Nicolasa ameniambia nimjibu kwamba huonekana. Nimefungua karatasi yangu. Mstari wa kwanza, siku ya kwanza, usifanye lolote, nimeuandika. Wa pili bado.