Aliyezuiwa Getini

“Hapana, kaka. Nenda ukalale, pombe ikutoke ndio urudi.”

Mlinzi alisema hivyo bila ukali, mkono ukiwa kwenye komeo la geti la wodi. Alijivunia jicho lake. Mlevi alimjua kwa mwendo tu, kabla hajamkaribia. Na huyu alikuwa akiyumba, macho mekundu, shati limekakamaa kwa saruji, maneno yakimtoka vipande vipande.

“Ma... mama yangu, dada. Nime... nimeitwa.”

“Kila anayekuja hapa ameitwa.”

Yule mtu hakubishana. Alirudi nyuma, akaketi ukingoni mwa mtaro, akawa anayatazama madirisha ya wodi moja baada ya jingine. Wageni wengine walifika, nguo zao zimepigwa pasi. Mlinzi aliwafungulia, akawasalimia, hata akawaonyesha njia.

Kisha muuguzi akatoka mbiombio.

“Hajafika mwana wa yule bibi wa kitanda cha dirishani? Fundi wa ujenzi, ana kigugumizi. Bibi anamuulizia yeye tu.”

Mlinzi aligeuka kuelekea mtaroni. Alimwendea yule mtu, akamshika mkono kumwinua. Fundi alinuka jasho na saruji mbichi, basi; pombe hakuna. Alikuwa amekimbia njia nzima kutoka kazini, miguu ikamwishia nguvu.

“Pita, kaka. Pita upesi.”

Akapita. Mlinzi alibaki akijipa moyo kwamba labda atamwahi mama yake akiwa hai.

Fundi alipotoka, alikuwa amebeba kifurushi cha nguo za mama yake.

“Wamesema ali... alikuwa akiongea,” alisema. “Sasa hivi tu.”

“Nisamehe, kaka yangu. Nilidhani...”

“Najua, dada. Nimezoea.”

Afadhali angemtukana. Fundi aliuliza chumba cha maiti, alikopelekwa mama yake, kiko wapi, kwa upole uleule. Mlinzi alimwomba mwenzake ashike geti, wakaongozana, yeye akipunguza hatua ili wasiachane.

Mlangoni, mhudumu alimwita fundi aingie. Fundi alitafuta pa kuweka kifurushi, lakini sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Mlinzi akanyoosha mikono. Fundi alisita, akamtazama usoni, kisha akampa.

Mlango ukafungwa. Mlinzi alisimama koridoni, kifurushi kifuani. Nguo zilikuwa bado zinanukia sabuni, na juu yake zimewekwa kandambili za bibi, moja imeshonwa kwa uzi wa buluu.