Ngozi ya Bi Biret

Ile ngozi ilimkera Mwanamwema tangu siku ya kwanza. Ngozi ya reinidia, kulungu wa nchi za barafu, imetandikwa sakafuni katika fleti ya Kilburn, ughaibuni, inanuka moshi na kupukutika manyoya. Bi Biret, bibi wa miaka themanini na kitu ambaye Mwanamwema aliajiriwa kumhudumia, alilala juu yake kila usiku. Kitanda alichopewa na council, serikali ya mtaa, alikiwekea magazeti.

"Kwetu tulihama na reinidia," alimwambia. "Wanyama wanatangulia, watu wanafuata. Kitanda ungekipakia wapi kwenye sleji inayoburutwa thelujini?"

"Sasa huhami, Bi Biret."

"Ndiyo maana ngozi ninayo bado."

Suresh, bosi wa Mwanamwema, alitaka bibi alale kitandani. Chini palikuwa na baridi. Mwanamwema alikataa kumlazimisha. Mama yake mwenyewe, kule kwao Wete, alilala mkekani mpaka mwisho, na hakuna aliyemsumbua.

Lakini asubuhi moja Bi Biret aliimwagia ngozi chai ya maziwa. Bibi alipokuwa anasinzia kitini, Mwanamwema akaikunja ngozi, akaitia kwenye mashine ya kufulia pamoja na sabuni ya manukato, akaendelea kupiga deki. Kwao kilichochafuka hufuliwa.

Alipofungua mashine, manyoya yalikuwa yameng'oka yote, yamegeuka uji wa kijivu. Ngozi yenyewe ilikuwa imejikunyata, inateleza kama utumbo.

Bi Biret alikuwa amesimama nyuma yake na mkongojo.

"Umeitia maji ya moto."

"Nimeitia. Nisamehe, Bi."

"Sisi tunaitupa kwenye theluji kavu, tunaipiga fimbo, basi." Akaigusa kwa kidole. "Mnyama huyu alivuta sleji yangu siku niliyoolewa. Mvivu kupindukia. Nusura bwana harusi aondoke."

"Nitakutafutia nyingine."

"Wapi? Sokoni Tottenham?"

Bi Biret hakugomba. Jioni ile bibi aliyaondoa magazeti mwenyewe, akapanda kitandani, akajifunika shuka hadi kidevuni kama mgonjwa. Mwanamwema alimzimia taa akatoka.

Wiki iliyofuata Suresh alipiga simu.

"Nasikia bibi amekubali kitanda. Miezi yote tumeshindwa. Umefanyaje?"

"Nimemdhulumu," alisema Mwanamwema.

Suresh akacheka, akamwambia kuna mzee mwingine mbishi kule Harrow, na angependa yeye ndiye akamhudumie.