Kofia ya Jiwe

Jumanne saa nne asubuhi, katika kituo kimoja cha afya cha Manika, mtaa wa migodi, Mado alijifungua jiwe la kilo tatu na gramu mia mbili, jeusi, lenye mishipa ya kijani. Ilikuwa mimba yake ya kwanza baada ya miaka sita ya ndoa. Muuguzi alilipangusa jiwe, akalivika kofia ya sufu aliyoifuma Mado, akaandika daftarini: halikulia.

Daktari Charlotte alimpima Numbi, mume wa Mado, anayejaza poda ya kobalti kwenye magunia kiwandani mwaka wa saba sasa. Barakoa za kazini zinakaa kabatini. Zinavaliwa siku ya wageni.

"Tata Numbi, mbegu yako iko mingi. Lakini maandishi ya ndani, ile inafundisha mutoto kuwa mutu, imekatika-katika. Uache ile poda kwanza, kisha turudie kupima."

"Docta, batakula nini ku nyumba?"

Daktari akayaandika hayo kwenye karatasi, Mado akaibeba.

Jumapili, baada ya misa, familia ya Numbi iliketi kuamua kama Mado arudishwe kwao Kasaji. Mado aliweka karatasi mezani. Baba mdogo Kabemba hakuigusa. Alilibeba jiwe hadi kwa wanunuzi wa madini, wakaliwekea mashine yao ya kupimia, akarudi akitamba.

"Kobalti asilimia kumi na mbili! Ni damu yetu kabisa. Numbi eko mwanaume!"

"Basi Tata," alisema Mado, "kama kobalti ni ya baba, kosa yangu iko wapi?"

Kabemba alifikiri kidogo. "Kobalti ni ya baba. Kukosa pumzi ni ya mama."

Wote waliona amesema haki, wakanawa mikono, ugali wa bukari ukaletwa.

Mado alilifunga jiwe mgongoni kwa kitenge. Numbi alimbebea mfuko hadi kwenye pikipiki ya taxi-moto, akainyoosha ile kofia.

"Jiwe inafanana na mi," akasema, akakimbilia zamu.

Mwaka uliofuata simu ililia Kasaji. Alikuwa Stéphanie, mke mpya wa Numbi, mwenye mimba ya miezi saba.

"Yaya Mado, ile kofia ilimutosha?"

"Ilimubana kidogo. Fuma kubwa. Na karatasi ya docta iko chini ya redio, uisome."

"Nilishaiona, Yaya. Mama mukwe alinifungia karanga mule."

Wakaagana. Kisha Stéphanie akafumua kofia aliyokuwa akiifuma, akaanza upya, akiongeza vitanzi kumi.