Marehemu Asiye na Tarehe

Asubuhi na mapema Bibi Khuê alikifunga kiti chake cha kukunja kwa kamba kwenye nguzo ya maegesho, mbele ya hoteli ya Barabara ya Bolsa, huku California, mtu asije akakihamisha. Wajumbe wa serikali ya Hanoi, ya wakomunisti wa Vietnam, walikuwa na karamu humo ndani. Sisi tulioikimbia serikali hiyo tulikuwa nje na bendera zetu za njano zenye milia mitatu myekundu, za Vietnam Kusini ya zamani. Nyingi alizishona Bibi Khuê mwenyewe, na ole wako umwambie mshono umepinda.

Mumewe, Kapteni Thoại, alifika amevaa sare ya kambini na ndala mguu mmoja. Alifia kwenye kambi walizoziita za mafunzo, baada ya vita, na mpaka leo mkewe hajaambiwa ni siku gani. Kwetu marehemu hupikiwa siku aliyofariki. Huja siku hiyo, akala, akaondoka hadi mwaka ujao. Asiye na tarehe huja anapojisikia, na Kapteni alipenda maandamano.

"Umechelewa," Bibi Khuê alimwambia.

"Na ndala moja, mke wangu, ulitaka nikimbie?"

"Yaani wewe uliyekufa hujui ulikufa lini?"

"Kule hatukuwa na kalenda. Nililala tu."

Bwana Lịch, mshika kipaza sauti, aliyepigana pamoja naye, alimkabidhi bendera. "Karibu, Kapteni. Ila usisimame mbele ya kamera, wewe hutoki kwenye picha." Watu wakacheka. Upepo haukuwepo na bendera zetu zilining'inia kama matambara ya jikoni. Ya Kapteni ilipepea. Polisi alimwomba arudi nyuma ya kizuizi cha chuma. Akarudi kwa kupita katikati ya vyuma, na polisi akamshukuru.

Wajumbe walipotoka, Bibi Khuê alimkabili mmoja mwenye tai. Alitaka kitu kimoja tu: tarehe, ampikie mumewe siku yake halali, naye aache kutangatanga.

"Mwanangu, Kapteni Thoại alikufa lini?"

"Mama, hatuna kumbukumbu ya mtu wa jina hilo."

"Huyu hapa."

Mjumbe alimwona. Alimwona vizuri, maana alikwepesha mguu asiikanyage ile ndala. "Hatuna kumbukumbu," alirudia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu iliishia kwenye mlango wa gari.

Ndipo wengine wakaja, kutoka upande wa duka la supu, wote kwa sare ile ile, wote hawana tarehe. Walijipanga bega kwa bega nasi, wakanyoosha migongo, na gari lile likalazimika kupita mbele yao polepole. Nasema wazi, sijawahi kuwaonea fahari watu wangu kama mchana ule.

"Shemeji, bendera hazitoshi!" Bwana Lịch alipiga kelele.

"Nitashona! Kwani mimi nimekufa?"

Kesho yake alinunua gora zima la kitambaa cha njano. Tarehe hajapewa mpaka leo. Kila siku huweka mezani bakuli la wali na samaki aliyepikwa chunguni kwa ajili ya mumewe, maana siku yoyote huenda ndiyo yenyewe.